Siku ya kupumzika katikati ya safari ndefu ya miguu porini: mwongozo kamili

Siku ya mapumziko huharibikia asubuhi. Watu wanaamka saa tatu, chai inafuatwa na chai nyingine, soga zinakolea, na wakija kushtuka ni saa nane mchana na wingu limetanda. Soksi bado chafu, kiatu kilichobanduka soli bado kimebanduka, na gundi inataka usiku mzima kushika. Kesho yake kundi linaondoka na shida zile zile lililofika nazo, ila chakula kimepungua kwa siku moja.

Kazi za siku hii ni za namna mbili. Zipo zinazofanywa na mikono yako, na zipo zinazofanywa na muda wenyewe: jua linakausha, maji yanalainisha maharage, gundi inashika, ngozi ya wayo inakakamaa tena. Hizi za pili ndizo za kuanza nazo, zote, ndani ya masaa mawili ya kwanza baada ya kuamka. Ukishazianzisha, unaweza kujilaza kivulini bila deni, kwa sababu kazi inaendelea huku umelala.

Maelezo haya yanalihusu kundi la watu wanne hadi wanane wanaobeba mizigo yao wenyewe na watakaokuwa njiani kwa wiki moja au zaidi.

## Iwe lini

Waliozoea kutembea hutosheka na siku moja ya mapumziko kila baada ya siku tano hadi saba. Kwa wageni wa kazi hii, ya kwanza isivuke siku ya tano, kwa sababu malengelenge na maumivu ya mabega huiva siku ya tatu na ya nne.

Kwenye milima mirefu hesabu ni nyingine. Ukishapita mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja, na kila baada ya siku tatu au nne za kupanda mnalala usiku wa pili palepale. Hapo si miguu inayopumzishwa. Mwili unapewa muda wa kuzoea hewa nyepesi. Hata mkijisikia wazima kama kigogo, msiiruke.

Kalenda si kipimo pekee. Kila mtu ahesabu mapigo ya moyo asubuhi kabla hajainuka kitandani, dakika nzima, kuanzia siku ya kwanza ya safari. Yakizidi kawaida yake kwa mapigo kumi hivi asubuhi mbili mfululizo, mwili haujalipa deni la jana. Dalili nyingine huonekana kwa macho: mtu anajikwaa mara kwa mara saa ya mwisho ya kutembea, anakosa usingizi ingawa amechoka, anakataa chakula, au anakasirishwa na jambo dogo kama kijiko kilichopotea. Wawili wakionyesha dalili hizo siku moja, vuteni mapumziko mbele, msisubiri tarehe iliyoandikwa.

Jambo moja linaloongeza thamani ya siku hii kuliko jingine lolote: fikeni kambini mapema siku inayotangulia, kabla ya saa nane mchana. Nguo zinafuliwa jua likiwa bado na nguvu, mnalala usiku wa kwanza mkiwa wasafi, na kesho yote inakuwa yenu. Mkifika magharibi mmechoka, siku ya mapumziko inaliwa na kazi za kuhamia.

## Kambi ya usiku mbili si kambi ya usiku mmoja

Mahali pa kulala usiku mmoja panaweza kuwa pabaya mkavumilia. Pa usiku mbili panataka vitu vitatu: maji ya uhakika, kivuli cha mchana, na ardhi ngumu isiyoharibika kwa kukanyagwa.

Maji kwanza. Kwa kunywa, kupika, kuoga na kufua, hesabu si chini ya lita 10 kwa kila mtu. Watu sita ni lita 60. Kuchota kiasi hicho kutoka kijito kilichoko nusu saa bondeni si mapumziko tena. Hata hivyo hema lisikae ukingoni. Kaeni mita 60 hivi kutoka majini, yaani hatua 80 za mtu mzima, na msifunge njia ambayo wanyama hushukia kunywa. Kwato na vinyesi vitakuonyesha njia hiyo ilipo. Bonde kavu la mchanga, hata likivutia vipi kwa utambarare wake, si pa kulala: mvua inaweza kunyesha mbali juu ya milima na maji yakakukuta usingizini chini ya anga lenye nyota.

Kivuli kiangaliwe kwa saa sita mchana, si kwa saa mnayofika. Simama, tafuta mashariki na magharibi, ukadirie kivuli cha mti kitakuwa upande gani. Ukiinua macho, angalia pia matawi makavu. Yasiwe juu ya hema.

Majani mabichi yakifunikwa na hema siku mbili hupauka na kufa. Chagueni changarawe, mchanga au nyasi kavu, au mhamishe hema kando kidogo siku ya pili.

Choo kichimbwe kabla ya mtu yeyote kukihitaji. Umbali ni ule ule, hatua 80 kutoka majini, kambini na kwenye njia, upande wa chini ya mteremko. Kundi dogo la watu waliozoea linaweza kumwacha kila mtu achimbe kishimo chake cha sentimita 15 hadi 20 na kukifukia. Kwa watu zaidi ya watano wanaokaa usiku mbili, ni afadhali mfereji mmoja wenye upana wa koleo na kina cha sentimita 30, udongo ukilundikwa kando, na kila atakayetumia afukie sehemu yake. Wekeni alama ya njia, kitambaa tu kwenye kichaka, mtu asiende kubahatisha na tochi usiku.

## Chupa ya kunawia

Tumbo la kuhara ndilo linalovunja safari nyingi za kundi, na huenea zaidi siku ambazo watu wanakaa pamoja, wanashika sufuria zilezile na kuchovya mikono kwenye mfuko mmoja wa karanga. Dawa yake ni kunawa mikono. Kibuyu chirizi cha nyumbani, kile cha kunawia kinachotundikwa, kina ndugu yake mdogo anayetengenezwa kwa chupa ya plastiki ya lita moja na nusu na msumari mwembamba au sindano nene.

Pasha moto ncha ya msumari, utoboe chupa tundu moja ubavuni, sentimita 3 hivi kutoka kitako. Tundu liwe la milimita 2, si zaidi. Jaza maji, kaza kizibo, funga kamba shingoni na uitundike kwenye tawi kwa urefu wa kifua, karibu na njia itokayo chooni. Kizibo kikikazwa hewa haiingii juu, kwa hiyo maji hayatoki chini ila matone machache. Kilegeze nusu mzunguko, mchirizi mwembamba unaanza. Ukimaliza kunawa, suuza kizibo kwa mchirizi uleule kisha kikaze kwa mkono safi. Sabuni itiwe kwenye soksi kuukuu na kuning'inizwa kando.

Mambo mawili huiharibu. Tundu likipita milimita 4, hewa hupenya palepale maji yanapotokea, na chupa haifungiki tena. Na chupa laini sana ikishikwa tumboni hujikamua yenyewe, ishike shingoni.

## Masaa mawili ya kwanza

Siku nzima huamuliwa hapa. Fuata mpangilio huu, kwa sababu kila kimoja kimewekwa kwa urefu wa muda kinaohitaji.

Gundi. Anayehitaji kubandika soli aanze kabla ya chai. Osha udongo kwa brashi na maji kidogo, futa, acha pakauke kabisa. Unyevu ndio sababu kubwa ya soli kubanduka tena baada ya kilomita mbili. Kwangua kwa msasa au jiwe la chengachenga pande zote mbili. Paka gundi ya viatu tabaka jembamba kila upande, subiri dakika 10 hadi 15 mpaka ukigusa isikushike kidoleni, ndipo ukutanishe na kubonyeza kwa nguvu zako zote. Funga kamba kuzunguka kiatu kizima, ukianzia kidoleni, mizunguko iliyobanana. Kisiguswe hadi kesho. Wengi huweka kiatu karibu na moto kuharakisha, na hapo ndipo wanapokipoteza: joto linalegeza gundi ya kiwandani iliyokuwa nzima, na ngozi inakauka na kupasuka.

Maharage. Kama mnapanga kupika maharage, yawe yameshalowekwa tangu jana usiku. Mwageni maji ya kulowekea, tieni mapya.

Nguo. Soksi kwanza, kisha za ndani, kisha mashati. Chumvi ya jasho inayokaukia ndani ya soksi hugeuka chembechembe zinazokwaruza ngozi kama msasa, kwa hiyo hata kama hamna sabuni, suuzeni soksi mara mbili, zikiwa zimegeuzwa ndani nje. Kufua kunafanyika hatua 80 kutoka kijitoni, kwenye mfuko usiovuja au karai la kukunja, na maji machafu yanamwagwa kwenye udongo mkavu. Sabuni inayoitwa rafiki wa mazingira nayo ni sabuni. Inahitaji udongo ili ioze. Tundikeni kwa kupitisha nguo katikati ya kamba mbili zilizosokotwa pamoja, upepo usizipeperushe.

Mfuko wa kulalia na godoro. Geuza mfuko ndani nje, uanike masaa mawili. Usiuache mchana kutwa: jua lile lile linalokausha ndilo linalochakaza nailoni. Hema vilevile. Godoro la hewa linalolegea usiku lipulize mpaka likaze, lipake maji ya sabuni, tafuta panapotoa povu, weka alama ya kalamu, likauke, bandika kiraka na uliache masaa kadhaa bila kulilalia.

Viatu vya wote wengine. Toa soli za ndani, legeza kamba mpaka chini, fungua ulimi, weka kivulini penye upepo. Kilicholowa kipachikwe kitambaa kikavu ndani na kubadilishwa kila baada ya saa moja.

Baada ya hapo ndipo chai.

## Miguu

Fanyeni hili asubuhi, si jioni, ili miguu ipate siku nzima ya hewa. Mnatazamana wawili wawili, maana hakuna anayeona vizuri kisigino chake mwenyewe. Osha kwa maji na sabuni, futa katikati ya vidole, kaa nusu saa juani miguu ikiwa wazi, kisha vaa kandambili. Usitembee pekupeku kambini. Mwiba au kipande cha jiwe kali siku ya mapumziko ni ajali ya kawaida kabisa, na jeraha la wayo huchukua siku nyingi kuliko lengelenge.

Ngozi ikiwa nyeupe, imekunjamana na laini kama iliyokaa majini, imekunywa maji mno. Haihitaji dawa bali ukavu: masaa manane au zaidi bila soksi, na usiku usilale na soksi za mchana. Visigino vilivyopasuka vipakwe mafuta ya mgando jioni, kisha soksi safi. Kucha zikatwe kwa mstari ulionyooka, pembe zisichimbwe. Ukucha mrefu wa kidole gumba ndio unaogeuka mweusi kwenye mteremko mrefu.

Lengelenge dogo lisilouma liache, lifunike tu. Lililojaa na linalouma litobolewe, isipokuwa kama lina damu ndani, au mwenyewe ana kisukari, hayo yasiguswe.

1. Nawa mikono, osha lengelenge na pembeni yake kwa sabuni.
2. Futa sindano kwa spiriti. Kama hakuna, ichome kwenye moto mpaka iwe nyekundu, ipoe, futa masizi kwa kitambaa safi.
3. Toboa sehemu mbili au tatu kwenye ukingo wa chini, sindano ikilala sambamba na ngozi. Hakuna maumivu ukifanya hivyo. Ukiona maumivu umeenda chini mno.
4. Kamua polepole kwa kitambaa safi. Ngozi ya juu ibaki, hiyo ndiyo bendeji bora kuliko zote mlizobeba.
5. Funika kwa kitambaa kisichoshika kidonda. Jioni angalia tena; likijaa, rudia.
6. Kesho asubuhi, kabla ya soksi, bandika plasta ya kunata iliyokatwa pembe zake kwa mviringo. Pembe kali hukunjika, na mkunjo huzaa lengelenge jipya.

Wekundu unaosambaa, joto, usaha, au mstari mwekundu unaopanda mguuni ni maambukizi. Huyo hatembei kesho kama kawaida. Mpango wa kumfikisha kwa mganga uanze leo, mkiwa na mwanga na akili imetulia.

Kwa sehemu nyingine za mguu, siku moja ina mipaka yake. Misuli iliyochoka hunufaika sana. Kano hupona polepole, kwani hupata damu kidogo kuliko misuli. Kano ya kisigino iliyovimba na inayokwaruza chini ya vidole ukiishika haitakwisha kwa kulala mchana mmoja, bali kwa kupunguziwa mzigo na siku fupi tatu au nne. Maumivu ya muundi yabonyeze: yakiwa yametapakaa, ni misuli. Yakiwa mahali pamoja padogo kama ncha ya kidole, juu ya mfupa, na mtu akiruka kwa mguu huo mmoja anaumia, inawezekana mfupa umeanza ufa. Mapumziko hayatatui hilo.

## Kula, kunywa, kulala

Akiba ya wanga iliyo kwenye misuli huisha kwa kutembea na huchukua karibu siku nzima kurudi, hata kwa mtu anayekula vizuri. Ndiyo maana njaa ya siku ya mapumziko huwa kubwa kuliko ya njiani, jambo linalowashangaza wengi na kuvuruga hesabu zao. Msipange mgao mdogo eti hamtembei.

Hesabu yenyewe ifanywe nyumbani. Tuseme watu sita, siku 12 za kutembea, mbili za mapumziko, moja ya dharura: siku 15. Kwa gramu 750 za chakula kikavu kwa mtu kwa siku, jumla ni kilo 67.5, au kilo 11.25 kwa kila mgongo. Kila siku ya mapumziko inalipiwa kwa kilo 4.5 za kundi. Anayesema "tutapumzika tukijisikia" bila kuzibeba kilo hizo anaahidi kitu ambacho hana. Na mafuta ya jiko yahesabiwe mara moja na nusu ya siku ya kawaida, kwa sababu ya chai.

Siku hii ndiyo ya kupika kile kisichowezekana njiani. Maharage mekundu yachemke kwa nguvu angalau dakika 10 kabla ya kupunguza moto. Yakipikwa kwa moto mdogo tu tangu mwanzo, sumu yake ya asili haivunjiki na watu watatapika. Dengu hazina masharti hayo na huiva upesi: zichemshe dakika 5, funika, zungushia sufuria nguo nene au mfuko wa kulalia, acha dakika 40. Mnaokoa gesi na hakuna anayekaa kukoroga. Mkiwa juu sana mlimani sahauni maharage kabisa. Kila mita 300 za kupanda hupunguza joto la kuchemkia kwa nyuzi 1 hivi, na kwenye mita 3,000 maji yanachemka kwenye nyuzi 90. Maharage yatakula gesi yenu yote na kubaki magumu.

Kunywa mpaka mkojo uwe wa manjano hafifu. Maji yachemke kwa nguvu dakika 1, na juu ya mita 2,000 dakika 3. Aliyeharisha au aliyetoka jasho jingi siku zilizopita apewe lita moja ya maji safi yenye vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kufuta, si vya kilima. Onja: yasizidi chumvi ya machozi.

Usingizi wa mchana uwe mmoja, kabla ya saa tisa, usizidi saa moja na nusu. Ukichapa usingizi mpaka jioni, usiku utahesabu nyota. Lakini pia usijipweteke kutwa. Mwili uliotembea siku sita ukilala tuli siku nzima unakakamaa. Nusu saa ya kutembea polepole bila mzigo asubuhi na nyingine jioni, pamoja na dakika 15 za kuinua miguu juu ya begi, zinatosha.

Sasa wale wenye nguvu. Katika kila kundi kuna mmoja anayeona kilele jirani na kusema "ni hapo tu, tutarudi kabla ya chakula". Anarudi saa kumi na moja jioni amechoka kuliko siku ya safari, na kesho wote wanamsubiri. Sheria nzuri ni ya kukubaliana jana yake: hakuna mzigo, si zaidi ya saa moja na nusu kwenda na kurudi, watu wawili wawili, mmoja aliyebaki kambini anajua uelekeo na saa ya kurudi, na filimbi iko shingoni. Milio mitatu ni kuomba msaada. Anayetaka kuwa peke yake aruhusiwe, ila ndani ya umbali wa kusikia sauti. Na kwa kweli muda wa kuwa peke yako unahitajika. Baada ya siku sita za kusikia mtu mmoja akikohoa usiku kucha, masaa mawili ya kila mmoja na mti wake huzuia ugomvi kuliko kikao chochote.

## Kazi za kundi

Mpishi naye apumzike. Aliyepika siku sita asishike sufuria leo. Gawaneni jioni ya jana: wawili jikoni, wawili maji, mmoja matengenezo, mmoja kukagua sanduku la dawa na tochi. Kazi zote ziishe kabla ya saa sita mchana. Zinazobaki ziwe za hiari.

Kikao kifanyike saa kumi jioni, baada ya kula, nusu saa tu. Anayetembea polepole ndiye aanze kusema, kwa sababu akisubiri mwisho atasema "mimi niko sawa". Maswali ni matatu: mwili ukoje, mzigo ukoje, mwendo ukoje. Kisha mwageni chakula chote kwenye turubai mkihesabu kwa siku, si kwa kukadiria kwa macho. Mifuko iliyochanika, unga ulioingia unyevu, karanga zilizokwisha bila mtu kukiri: vyote vinajulikana hapo.

Hapo pia ndipo mzigo unapogawanywa upya. Chakula kinacholiwa leo kitoke kwenye begi la aliyechoka zaidi. Mara nyingi hutokea kinyume: mwenye nguvu ndiye mkarimu, anatoa cha kwake kwanza, kesho anapaa na begi jepesi huku mgonjwa akibaki na kilo zake zote.

Mwisho wa kikao tazameni ramani ya siku mbili zijazo. Maji yanayofuata yako wapi? Wapi pa kugeukia kama mto umejaa?

Mwenye homa, anayeharisha damu au anayetapika kila anachokunywa asihesabiwe kuwa atakuwa mzima asubuhi. Mlimani, mwenye maumivu ya kichwa asipande zaidi mpaka yaishe, na yakizidi ingawa amepumzika, ashuke. Anayepepesuka kama mlevi au anayehema akiwa ameketi ashuke mara moja, hata usiku, angalau mita 300 na zaidi ikiwezekana, akiwa na mwenzake. Kumwacha alale "apumzike kidogo" kumeua watu.

## Usiku wa pili

Wanyama waliopita mbali usiku wa kwanza wameshanusa jikoni kwenu. Usiku wa pili ndio wenye wageni. Chakula, dawa ya meno, sabuni na takataka vyote vifungwe pamoja na kuning'inizwa mita 4 kutoka ardhini na mita 2 kutoka shina, mbali na mahema. Popote ambapo kuna dubu, chombo kigumu cha chakula ni bora kuliko kamba. Mabaki ya maharage yasimwagwe kichakani. Yalieni au yabebeni.

Moto uzimwe kwa maji, ukorogwe, umwagiwe tena, kisha upitishe mgongo wa kiganja juu ya majivu. Kama unahisi joto, bado.

Fungasheni kabla ya giza kila kisichohitajika usiku. Begi lililopangwa jioni linawaokolea saa nzima asubuhi, na kundi lililopumzika lina tabia ya ajabu ya kuchelewa kuondoka kuliko lililochoka.

## Asubuhi ya kuondoka

Pangeni theluthi mbili tu ya mwendo wenu wa kawaida. Saa ya kwanza miguu itakuwa mizito, na wengine watadhani mapumziko yamewaharibu. Ni kukakamaa kwa misuli tu, huisha kwa kutembea polepole. Uvimbe wa miguu umepungua, kwa hiyo kiatu kilichokuwa kinabana juzi leo kinacheza. Baada ya dakika 20 simameni wote mkaze kamba upya, na aliyebandika soli aikague hapo hapo, mkiwa bado karibu.

Ila kabla ya hatua ya kwanza, mabegi yakiwa mgongoni, mtu mmoja azunguke kambi akitazama juu, si chini. Vya chini watu huviona. Vinavyoachwa ni vilivyotundikwa: kamba ya nguo, chupa ya kunawia, kile kitambaa cha alama ya choo, na soksi moja ya kulia.